Gitaa la Umeme kwa Anayeutafuta Mlio wa Rory Gallagher: Lipi Linunuliwe Tanga

Kijana anaponijia kuniuliza anunue gitaa gani la umeme, nami humwuliza kwanza anataka gitaa lake lilie kama la nani. Majibu huwa ni yale yale majina matatu au manne, na ni nadra sana kumsikia mtu akimtaja Rory Gallagher, mpiga gitaa Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 1995, ambaye mwezi Januari mwaka 1975 aliitwa Rotterdam kupiga na kundi la Rolling Stones kwa majaribio, akapiga siku chache, kisha akaondoka zake kwenda Japani kwa sababu alikuwa amekwisha kuahidi maonyesho huko. Brian May wa kundi la Queen, ambaye jina lake linajulikana hadi kwa wasiosikiliza roki, amesema mwenyewe kwamba siri ya mlio wake aliipata kwa kumwuliza Gallagher anatumia vyombo gani. Mwanafunzi amevuma kuliko mwalimu, na mwongozo huu unamrudia mwalimu.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vichache. Gitaa lilikuwa Fender Stratocaster la mwaka 1961, alilolinunua duka moja la mjini Cork, Ayalandi, mwaka 1963 kwa pauni 100, akiwa na umri wa miaka 15. Amplifaya ilikuwa Vox AC30 ya wati 30. Na katikati yake aliweka kisanduku kidogo cha Dallas Rangemaster cha kuzikuza sauti za juu. Yaliyobaki yalikuwa mikononi mwake: alikuwa akipiga uzi huku kidole chake cha mwisho kikizungusha kidude cha toni, gitaa likatoa sauti ya kufumba na kufumbua mdomo, jambo ambalo wenzake walilinunulia pedali ya kukanyaga.

Sehemu ya historia ya gitaa hilo inayomhusu zaidi mnunuzi wa Tanga ni shingo yake. Gallagher alikuwa mtu wa jasho jingi jukwaani, na kwa miaka mingi ya ziara rangi ya gitaa ilibanduka karibu yote ukabaki mti mtupu. Shingo nayo ilinyonya unyevu mpaka ikapinda, ikabidi ifunguliwe na kuwekwa pembeni ikauke, nayo ikarudi katika umbo lake. Gitaa hilo liliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya pauni 800,000 ada zikijumlishwa, kwa hiyo kupinda hakukulishushia heshima; lakini sisi ambao hewa ya bahari inatuingilia dirishani kutwa kucha hatuna budi kuanza ukaguzi hapo, hata kabla ya kusoma jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa.

Bana uzi mnene kuliko yote kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyoikata shingo) kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili uubane pale shingo inapoungana na bodi, kisha utazame uwazi uliobaki kati ya uzi na freti ya saba. Uwazi wa unene wa kadi nyembamba ya mwaliko wa harusi unafaa. Kadi ya benki ikipita kwa ulaini, shingo imevutwa mno na nyuzi. Na uzi ukiwa umelala juu ya freti bila uwazi wowote, imepinda kinyumenyume. Makosa yote mawili hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani ya shingo, mradi chuma hicho bado kinazunguka. Shingo iliyojisokota kama kamba haina dawa ya bei nafuu. Muuzaji mmoja wa Ngamiani aliponiona nimefumba jicho moja naitazama shingo kuanzia upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, kama seremala anavyotazama ubao, aliniuliza, “Mjomba, unanunua gitaa au unalenga shabaha?” Magitaa mawili ya mwanzo niliyarudisha ukutani. La tatu ninalo hadi leo.

Nafasi ya kwanza naipa Yamaha Pacifica 112V, ingawa najua wapenzi wa Gallagher watanuna, kwa kuwa si Stratocaster. Pikapu zake (sisemi zile za kubebea nazi, bali sumaku zilizozungushiwa koili za waya zinazonasa mlio wa nyuzi) ni mbili za koili moja, na ya tatu, iliyo karibu na daraja, ni nene ya koili mbili. Hata hivyo ukikivuta juu kidude cha toni, koili moja hunyamaza, na mlio unakaribia ule mkali na mwembamba tunaoutafuta. Nimeiweka mbele kwa sababu ya utengenezaji wake: katika zile nilizozishika, freti zilikuwa zimesuguliwa vizuri na nyuzi zilikaa katika sauti zake hata baada ya kuvutwa sana. Angalia herufi na namba kwa makini, kwa sababu Pacifica 012, ambayo kwa mbali ni pacha wake, haina swichi hiyo ya kuvuta.

Ya pili ni Squier Stratocaster ya mtumba, hasa ya toleo la Affinity au Classic Vibe. Hii ndiyo yenye umbo na pikapu tatu za koili moja kama la Gallagher, na mnunuzi mwenye bahati anaweza kupata iliyo bora kuliko ya kwanza. Tatizo ni hiyo bahati yenyewe, maana ya mtumba hubeba historia ya mwenye nayo. Izungushe volyumu na toni huku gitaa likiwa limechomekwa: likikwaruza kidogo, dawa ya kusafishia hutosha, lakini likikatika sauti, hesabu gharama ya fundi ndani ya bei.

Ya tatu ni nakala mpya zisizo na jina. Zinapiga, na kwa kujifunzia zinatosha, ila vigingi vyake vya kukazia nyuzi hulegea mapema. Magitaa mazito ya pikapu nene mbili ni mazuri kwa kazi nyingine; kwa kazi hii yaache. Na mwenye hofu kwamba gitaa la roki litalala kabatini akumbuke kwamba mlio huu mkavu na wazi ndio unaotakiwa pia kwa solo la dansi, katika mji uliowalea Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hivyo Jumamosi harusini halitakaa bure.

Kwenye amplifaya nina kovu langu. Nilinunua moja ya mtumba iliyotoka Japani, nikaichomeka ukutani bila kusoma kibandiko cha nyuma, na kabla sijagusa uzi hata mmoja chumba kilikuwa kinanuka plastiki iliyoungua. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Bila transfoma ya kushushia, chombo cha huko hakidumu dakika moja. Amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama katika redio za zamani, ndiyo iliyokuwa ya Gallagher, lakini valvu zikichoka ni lazima ziagizwe, na umeme unaopanda na kushuka huzichosha mapema. Kwa hiyo ninaiweka mbele ndogo ya transista ya wati 10 au 15, ikitumiwa pamoja na stebilaiza, na ya valvu naiacha kwa mwenye subira na akiba.

Kisanduku cha kukuza sauti kinunuliwe mwisho. Rangemaster ya asili ilitumia transista ya jemaniamu, ambayo tabia yake hubadilika joto linapopanda. Kwa Februari ya Tanga, nakala yenye transista ya silikoni hutulia zaidi, hata kama masikio makali yatasema si ile ile. Usiiunganishe na amplifaya ambayo tayari sauti zake za juu zinachoma, maana kazi yake ilikuwa kuiamsha amplifaya yenye mlio mzito.

Fedha itakayobaki inunue seti mbili za nyuzi, kwa sababu ya kwanza itashika kutu kabla hujaizoea, na kipande cha kanga kuukuu kikae ndani ya mfuko wa gitaa, cha kufutia nyuzi na shingo kila unapomaliza kupiga.