Programu ya ibada iliyonizimia taa: uzoefu wangu

Nilitaka niipe nyota moja niondoke zangu. Nilipokaa nikafikiri nikaona hata hiyo moja ni upendeleo. Lakini humo ndani kuna msomaji wa Zaburi ambaye hana kosa lolote, na sitaki hasira zangu zimwangukie, kwa hiyo vumilieni, tutamfikia.

Sitaeleza programu inafanya nini, maana hizi zote ni ndugu. Mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka, aya ya siku, tafakari fupi, mahali pa kuandika maombi, na arifa ya kukushtua saa yako ya utulivu inapofika. Hesabu yake haina uchawi: Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, ukisoma tatu kwa siku na kuongeza ya nne kila baada ya siku chache, mwaka unaisha ukiwa Ufunuo. Walawi nilimaliza. Orodha za makabila kwenye Hesabu nilizimaliza. Uvivu si shida yangu, nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna watakaokuja kunihubiria.

Ninachokilalamikia ni taa.

Juu kabisa ya kioo wamechora kitaa cha mafuta. Kila siku ukibonyeza "Nimemaliza", mwali unapanda kidogo na namba iliyo chini yake inaongezeka. Huo ndio mfululizo wako. Ukiruka siku moja, kesho yake ukifungua unaonyeshwa mwali ukifa: unasinyaa, unageuka kijivu, kimoshi chembamba kinapanda, na namba inarudi sifuri. Aliyekichora kile kimoshi alikifanyia kazi kweli. Kinajikunja kabla ya kupotea. Sina shaka alipigiwa makofi ofisini kwao.

Na taa ile, nisiwe mwizi wa fadhila, mwanzoni ilinisaidia. Kuna asubuhi niliamka kwa ajili ya ile namba tu, nikajikuta nimeingia kwenye maombi ambayo sikuyapanga. Namba ikapanda, nikaanza hata kuitaja kwenye kikundi chetu cha maombi kwa ile sauti ya unyenyekevu tunayoijua sote. Siku zile ningeipa nyota tano bila kupepesa macho.

Kisha Mama akalazwa.

Aliyewahi kulala na mgonjwa wodini anajua saa zinavyokuwa kule. Hakuna asubuhi wala usiku, kuna dripu inayokaribia kuisha, kuna kumgeuza, kuna kumshikia bakuli, kuna kumtafuta nesi kwenye korido. Biblia nilikuwa nayo, ilikaa kwenye mfuko chini ya kiti. Kuomba niliomba, kama neno "Yesu" linalosemwa kila mgonjwa anapokohoa linahesabiwa kuwa ni maombi. Nadhani linahesabiwa. Paulo anaandika kwenye Warumi 8:26 kwamba sisi hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Programu haina kitufe cha kuugua. Ina "Nimemaliza" tu.

Usiku mmoja, wodi imetulia, simu ikalia. Arifa: "Leo hujampa Mungu hata dakika tano? Yeye amekupa uzima wote." Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafungua, kitaa kikazimika mbele yangu, kimoshi kikajikunja, sifuri. Na chini yake aya ya siku, imewekwa juu ya picha ya ziwa na jua linachomoza: "Mjue sana Mungu, ili uwe na amani; Ndivyo mema yatakavyokujia."

Mama alikuwa macho. "Nani anakuandikia saa hizi?"

"Ni ile programu yangu ya Biblia, Mama."

"Inasemaje?"

Nikamsomea ile aya, ile arifa nikaimeza. Akanyamaza kidogo, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Hayo si ya wale rafiki zake Ayubu? Zima hiyo, mwanangu, uniletee bakuli."

Ndugu zangu, ni kweli. Ayubu 22:21. Aya hii tunaiona kwenye kalenda, kwenye kadi, kwenye kuta za sebuleni, na anayeisema ni Elifazi Mtemani. Anamwambia mtu aliyezika watoto wake wote, ambaye mwili wake umejaa majipu. Na kabla hajafika kwenye hiyo amani, katika sura hiyohiyo, Elifazi ameshamzulia mwenzake kwamba alimnyima maji aliyechoka, akamnyima chakula mwenye njaa, akawafukuza wajane mikono mitupu. Ushahidi hana. Ameona tu mtu anateseka, akatafuta kosa la kumbandika. Ukifika 42:7 Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi kwamba hasira zake zimewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama Ayubu alivyonena.

Maneno yenyewe hayana ubaya. Siku nyingine, mdomoni mwa mtu mwingine, ningesema amina. Lakini hata Elifazi, pamoja na mdomo wake wote, alianza vizuri: yeye na wenzake waliketi chini na Ayubu siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Programu hii ilishindwa kunyamaza usiku mmoja.

Mama alipopata nafuu niliwaandikia huduma kwa wateja. Barua ndefu, ya heshima, nikaeleza kila kitu, nikasema sidai fidia, naomba tu mfululizo wangu urudishwe na ile arifa waifikirie upya. Jibu likaja haraka, hilo nawapa. Nalinukuu lote: "Bwana Yesu asifiwe mpendwa! Pole sana kwa changamoto. Habari njema ni kwamba ukijiunga na daraja la kulipia utapata Kinga ya Mfululizo na taa yako itawaka tena. Ubarikiwe!"

Habari njema! Nililisoma jibu lile nikiwa nimesimama, nikakaa. Mwaka 1517 kule Wittenberg mtawa Martin Luther alizitoa hoja zake 95 kuhusu vyeti vya rehema, yaani vya kusamehewa adhabu ya dhambi, vilivyouzwa kwa watu, Ulaya nzima ikatikisika. Sisi tumeletewa Kinga ya Mfululizo simuni na tunaambiwa tubarikiwe.

Nikaandika tena, safari hii heshima ikiwa imepungua. Nikauliza kama wanamjua yule wa Isaya 42:3, ambaye mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima. Utambi utokao moshi! Wamechora kitu kilekile ambacho Biblia inasema hatakifanya, wakakifanya kijikunje vizuri. Jibu: "Tunaelewa hisia zako mpendwa," kisha kiungo kilekile cha kulipia, kisha dodoso la kuniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma.

Labda yule aliyenijibu ni kijana tu anayelipwa kubandika majibu yaliyokwisha kuandikwa. Labda si mtu kabisa. Nilijaribu kumwonea huruma, nikafaulu kama dakika kumi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe si geni, na waliotangulia walilifanya kwa akili. Aya ya siku, kwa mfano. Wamoravia wa Herrnhut, Ujerumani, walianza kupeana neno la kila siku mwaka 1728, na tangu toleo la mwaka 1731 wanalichapa kitabu kizima cha mwaka. Mwanzoni lile neno lilipelekwa nyumba kwa nyumba na ndugu aliyetembea kwa miguu. Arifa ya zamani ilibisha hodi. Ilikuwa na macho: ikifunguliwa mlango inaona kuna mgonjwa ndani, inaketi, au inachota maji. Hii yangu ilikuwa na saa tu.

Au mipango ya kusoma kwa mwaka. Mmoja unaotumika mpaka leo, hata humo ndani ya programu umo, ulitungwa na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Uskoti, mwaka 1842: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Yule bwana alipowaandikia washirika wake kuhusu mpango huo, kabla ya kuusifia alitaja kwanza hatari zake. Kusoma kwa mazoea. Kujiona mwenye haki kwa kuwa umetimiza fungu la siku. Kusoma bila kujali. Na nira nzito isiyobebeka. Mchungaji ambaye hakufikisha hata miaka 30 aliona haya yote bila kompyuta. Hawa wamechukua ratiba yake, wakaacha maonyo, halafu hatari ya pili wakaigeuza namba na kuichorea mwali.

Namba hiyo, kwa taarifa yenu, ina kitufe cha "Shiriki" pembeni. Unaweza kuirusha kwa marafiki ikiwa na maandishi ya dhahabu. Siku moja mpango wenyewe ulinipa Mathayo 6, ingia katika chumba chako cha ndani, ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini. Nikabonyeza "Nimemaliza", ikaniuliza: "Waambie marafiki zako!" Nilicheka mpaka Mama akauliza kuna nini.

Kwenye ukurasa wao wa kwanza wameweka Marko 1:35, Yesu akiamka alfajiri na mapema sana, akienda mahali pasipo na watu, akaomba. Nzuri. Wangeendelea aya mbili tatu. Simoni na wenziwe wanamfuata mpaka wanamwona, wanamwambia, watu wote wanakutafuta. Naye hasemi subirini nimalize fungu langu. Anasema, twendeni. Alikuwa na desturi ya kujitenga kuomba, Luka analirudia hilo, na alikatizwa mara kwa mara, akawahurumia waliomkatiza. Sioni mahali alipoonyeshwa moshi.

Kuna rafiki yangu mlokole wa siku nyingi aliyenipinga. Alisema, "Mpendwa, bila nidhamu hakuna ibada. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku hata amri ya mfalme ilipotiwa sahihi. Ungekuwa wewe ungesema umebanwa." Sina jibu zuri la kumpa. Danieli alifanya hivyo kweli, na mwenye Zaburi ya 119 anasema mara saba kwa siku. Mazoea yana nguvu, na kama si yale niliyojengewa na ile namba ya kijinga, sidhani kama pale wodini ningekuwa na Zaburi yoyote kichwani. Naandika hili kwa shingo upande. Mtu angeniuliza kabla ya Mama kuugua kama programu inafaa ningesema ndiyo, na bado sehemu yangu moja inasema ndiyo, hasa kwa anayeanza, asiyejua ashike wapi.

Na sasa yule msomaji. Humo ndani kuna Zaburi zinazosomwa kwa sauti, na aliyezisoma simjui, hawakuandika jina lake popote, nalo hilo ni kosa jingine. Hana muziki nyuma. Hatetemeshi sauti kama anayetangaza tamasha. Anasoma kama mtu aliye chumba kimoja na wewe. Usiku ule baada ya bakuli, Mama aliomba kitu cha kusikiliza, nikamwekea, simu juu ya mto, sauti chini. Ikafika Zaburi ya 88, ile isiyopata mapambazuko, inayoishia kwa watu wangu wamo gizani. Nikanyoosha mkono niiruke. Mama akanishika kidole. "Iache. Huyu naye alikuwa amelazwa." Sijawahi kuiona Zaburi ya 88 ikiwa aya ya siku, na siitarajii juu ya picha ya ziwa.

Kwa hiyo nyota mbili. Zote ni za msomaji, wao wasijipigie kifua. Hapana, ngoja, kuna usiku nikikumbuka ile Zaburi naona angestahili tano, halafu nakumbuka "Habari njema ni kwamba ukijiunga", narudi kwenye moja. Ziacheni mbili.

Nilichofanya: arifa zote nimezizima. Tafakari nimeacha kufungua. Nasoma kwenye Biblia ya karatasi, saa ikipatikana, na siku nyingine haipatikani. Mama yuko nyumbani, anatembea kwa kushikilia ukuta, na jioni anadai msomaji wake. Kwa sababu hiyo programu bado ipo simuni, taa imezimika, sifuri chini yake, na juzijuzi walipoleta toleo jipya wameongeza sauti ya "pfff" mwali unapokufa. Sitanii.

Jambo la mwisho, na hapa naomba msaada wa kweli. Niliandika pembeni mwa aya nyingi humo ndani, mengine ni majina ya watu niliowaombea, na hakuna njia ya kuyatoa bila daraja la kulipia. Anayejua namna ya kuyahamisha aniambie. Nikishayapata, na Mama akipata Zaburi za sauti mahali pengine, naifuta siku hiyohiyo.