Kupimiwa daraja la rupia ya Kijerumani kwa picha: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza: shilingi 15,000 kwa sarafu moja. Unalipa kwa simu kabla, unatuma picha WhatsApp, jioni unajibiwa. Duka lenyewe liko katikati ya jiji la Dar es Salaam, linauza sarafu, noti na stempu za zamani, na hii ya kukadiria daraja, yaani kiwango cha hali ya sarafu, kwa picha wameiongeza kwa ajili yetu sisi wa Mbagala na Bunju tusiopenda kupanda daladala na fedha kwenye pochi. Kwa kujua sarafu imelika kiasi gani, hela yao ni halali. Kwa kujua kama iliwahi kuchezewa, hapana.

Niliyowapelekea ni rupia moja ya 1890, ya ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotoka kwenye sanduku la marehemu bibi. Mbele yupo Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai juu, nyuma kuna simba na mti kama mnazi. Wajerumani waliipa uzito uleule wa rupia ya Kihindi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imezoeleka pwani: gramu 11.66, na fedha asilimia 91.7.

Picha za kwanza zilikataliwa. Kijana anayeshughulikia akaniachia sauti: “Dada yangu, zima flashi. Hapo naiona taa tu, Kaisari simwoni.” Akanielekeza niweke sarafu juu ya karatasi ya kijivu isiyong'aa, karibu na dirisha asubuhi lakini jua lisiipige moja kwa moja, na simu niiinue juu kidogo kisha nivute kwa zumu badala ya kuisogeza puani kwa Kaisari. Halafu nitume kama dokumenti, si kama picha, kwa kuwa WhatsApp huzibana picha na alama ndogondogo zinapotea. Hilo la dokumenti peke yake nimeshawafundisha watu wengi.

Alipozipata picha nzuri ndipo nikaona kazi ya anayejua. Alinirudishia picha yangu ikiwa na viduara vyekundu: kifua cha tai, masharubu, shavu, na nyuma manyoya ya shingoni mwa simba. Sehemu zinazochomoza ndizo zinazolika kwanza, kwa hiyo hapo ndipo macho yake yanapoanzia, mwaka na maandishi baadaye. Tai wangu manyoya ya bawa yanahesabika lakini kifuani pamekuwa bapa. Masharubu yana ncha, katikati yamefutika. Akanitaka niigeuze sarafu mwanga utokee upande wa pili nipige tena, na kweli Kaisari akawa mtu mwingine. Mwanga ukitokea chini ubavuni, vivuli hujaa kwenye vibonde na sarafu iliyochoka ikaonekana kali. Ukitokea juu, hata iliyo nzima inaonekana imelala. Muuzaji mjanja anayajua haya vizuri sana, na ndiyo maana sasa nikiona sarafu inauzwa mtandaoni kwa picha moja tu napita.

Mwisho akaomba video fupi, niiinamishe taratibu chini ya taa ya meza. Alikuwa anatafuta mng'ao wa kiwandani. Sarafu ambayo haijatumika, ukiizungusha, miale yake huzunguka nayo kama njiti za gurudumu la baiskeli. Yangu ilibakiwa na vipande vya mng'ao katikati ya herufi tu.

Jibu lilikuja limeandikwa vizuri: kati ya VF 30 (Very Fine, nzuri sana) na EF 40 (Extremely Fine, nzuri zaidi ya hapo). Kwa wasiozoea, ni kipimo cha 1 hadi 70 kilichoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. 60 kwenda juu ni sarafu isiyopita mikononi mwa watu. Nilipenda kwamba alisema kati ya namba hii na hii badala ya namba moja. Anayekupa namba moja kavu kwa picha ya simu, muogope.

Sasa malalamiko. Wiki iliyofuata nilikuwa na shughuli mjini nikaipitisha dukani. Mizani ikasoma gramu 11.58, safi. Yule kijana akaishika kwa ncha za vidole, akaweka lensi jichoni, akaigeuza ubavu, akanyamaza. Juu ya kichwa cha Kaisari, kwenye ile mistari ya ubavuni, kuna sehemu ndogo ambapo mistari imezibwa. Lehemu. Rupia hii iliwahi kuwa kidani, ikavaliwa, baadaye kishikio kikakatwa na sonara akapasawazisha.

“Picha ya ubavu hukutuma,” akasema.

“Hamkuiomba,” nikamjibu.

Akakubali, kwa heshima. Lakini fikiria: hapa kwetu rupia ngapi ziligeuzwa vidani na vikuku? Hilo lingekuwa swali la kwanza kabisa kwenye orodha yao. Na mbele ya pua ya Kaisari lensi ikaonyesha mikwaruzo myembamba inayokwenda pamoja, mtu aliisugua kwa kitambaa au dawa. Kwenye picha haikuonekana hata moja, maana simu za siku hizi zinalainisha kila kitu kama zinampodoa bibi harusi. Kampuni kubwa za Marekani za kupima madaraja ya sarafu, PCGS na NGC, sarafu namna hii haziipi namba. Wanaandika kiwango cha kulika pamoja na dosari, basi. Bei nayo inashuka mno.

Ada walinirudishia nusu bila kuombwa. Nawapa nyota tatu na nusu. Ukiwatumia, piga ubavu mzima hata wasipouliza: isimamishe sarafu, izungushe kidogokidogo, picha baada ya picha. Na tafadhali usiipitishie limao wala dawa ya meno ili “ipendeze kwenye picha”. Ule weusi wa fedha ya zamani ndio unaomwambia mnunuzi kwamba haijaguswa.

Nina pia shilingi ya Afrika Mashariki ya 1925, ile ya simba na milima. Hiyo sikuituma. Fedha yake ni robo tu, sura yake hufifia mapema na kwenye picha inadanganya zaidi, na kuilipia 15,000 sarafu ya kawaida hivyo ni kumtajirisha mtu bure. Nilipomwonyesha pale dukani hata lensi hakuichukua: “Hiyo tunza tu, dada.”