Pimento ya Jamaika na Karafuu ya Zanzibar
Pimento ni tunda dogo la mti wa asili wa Jamaika, kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, linalochumwa bichi na kukaushwa, ilhali karafuu, jamaa yake katika ukoo mmoja wa mimea, ni tumba la ua lililotoka visiwa vya Maluku na kustawi Unguja na Pemba tangu karne ya 19. Viungo vyote viwili vina mafuta ya yujenoli, kemikali inayovipa harufu yake, lakini karafuu ni kali zaidi, na ikizidi kidogo tu hutawala sufuria nzima. Pimento ni pole, inanukia pia kama mdalasini na kungumanga, na Wajamaika huisaga pamoja na pilipili kali ili kupaka kuku wa jerk (mtindo wa Kijamaika wa kuchoma nyama iliyopakwa viungo), ambaye kwa desturi huchomwa kwa kuni za mti huohuo. Kwa mchuzi wa nyama ningechagua pimento; kwa pilau, karafuu haina mbadala.