Airport ya Guangzhou (Baiyun), uzoefu wangu

Nimerudi juzi toka Guangzhou, China, kufata mzigo na watu wananiuliza sana airport ya kule ikoje, basi ngoja niseme nilichokiona mimi. Kwanza ni kubwa jamani, unatembea weee mpaka unajuta kuvaa viatu vya kisigino, ila vibao vina Kiingereza kila kona so ukipotea umejitakia. Kabla ya imigresheni kuna mashine za alama za vidole, unaskani pasipoti unaweka vidole ndo unaenda kupanga foleni. Mimi nusu saa nikawa nshatoka.

Simu iandae ukiwa bado nyumbani. Google hamna, WhatsApp hamna, mimi nilinunua eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) ya roaming nikiwa Dar ndo ikaniokoa, na Alipay, app yao ya kulipia, nilishaiunganisha na kadi yangu ya Visa, maana kule hata muuza maji anataka umskani.

Teksi sikupanda. Metro ipo palepale, Terminal 1 stesheni yake inaitwa Airport South na Terminal 2 ni Airport North, unapanda laini namba 3, unabadili Jiahewanggang unashika namba 2 mpaka stesheni kuu ya treni, halafu namba 5 kituo kimoja tu uko Xiaobei kwa Waafrika wenzio. Haifiki hata yuan 10! Ila ukiwa na mabegi makubwa saa ya watu kutoka kazini utaisoma namba.

Sasa kurudi ndo nikayakoroga mwenyewe. Begi nimelifunga selotepu raundi kama nne na kamba juu, kilo zimekaa sawa kabisa, nshapewa na boarding pass, mara naitwa kachumba ka pembeni. Yule kaka akanigeuzia skrini, naona magauni yangu yote yametokea rangi ya chungwa na katikati kamstatili ka bluu iliyokolea. Pawabanki! Niliinunua zawadi ya mdogo wangu nikaichomeka huko nikasahau, na betri za hivyo haziruhusiwi kwenye begi la kupakia, ni mkononi tu. Kaka anaongea na simu yake halafu simu inanitafsiria, "fungua wewe mwenyewe". Hana hata ukali, ananisubiri tu, mimi jasho linanitoka nakata selotepu kwa funguo ya nyumbani. Kulifunga tena ilibidi nikope selotepu kwa Mnaijeria aliyekuwa nyuma yangu, naye kaitiwa hayohayo.

Na kama unaunganisha ndege ya ndani, tuseme unaenda Yiwu, tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabanki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) hairuhusiwi hata mkononi, kwa hiyo zile zetu za Kariakoo ziacheni tu nyumbani.

Mimi airport naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kutembea, miguu inauma mpaka leo.