Kutembelewa na Wamisionari Vijana wa Watakatifu wa Siku za Mwisho: Tathmini ya Mwenyeji Asiye Muumini

Huduma ninayoitathmini hapa haina malipo wala mkataba, na kwa watu wengi huanza bila kuombwa. Vijana wawili nadhifu, kila mmoja na beji nyeusi kifuani, hubisha hodi na kuomba dakika chache za mazungumzo. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tungali tunawaita Wamormoni, ingawa mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa hilo wakati huo, aliwataka waumini na watu wengine watumie jina kamili. Asiyependa kusubiri hodi anaweza kuwaita mwenyewe kupitia tovuti ya kanisa. Mimi niliwapokea nikiwa mtu wa dhehebu jingine mwenye hamu ya kujua, nikasikiliza masomo yao yote, na sikubatizwa. Kwa hiyo nitaangalia kinachotolewa, wanaokitoa, na mambo ambayo mwenyeji angepaswa kuyajua kabla ya kufungua mlango. Ukweli wa mafundisho yenyewe namwachia kila msomaji na dhamiri yake.

Thamani kubwa ya huduma hii imo katika namna watoaji wake wanavyoishi, na ni vigumu kuipima bila kuifahamu ratiba yao. Huamka mapema, kwa kawaida saa 12:30 asubuhi, wakasali, wakafanya mazoezi ya mwili, kisha wakajifunza maandiko, kwanza kila mmoja peke yake na baadaye pamoja na mwenzake. Aliyepangiwa nchi yenye lugha ngeni huongeza muda wa kujifunza lugha hiyo. Baada ya hapo hutoka, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa usafiri wa umma au kwa gari kulingana na eneo, na hutakiwa kuwa wamerudi nyumbani yapata saa 3 usiku na kuzima taa saa 4:30. Tangu mwaka 2017 ratiba hiyo imelegezwa kidogo ili ifuate mazingira ya kila mahali, lakini uti wake haujabadilika. Katika kipindi chote hicho hakuna uchumba, na mmisionari hatengani na mwenza wake, yaani mmisionari mwenzake aliyepangiwa naye, isipokuwa kwa mambo ya faragha kabisa. Mwenza huyo hakumchagua, wala hakuichagua nchi aliyopelekwa. Vyote hupangwa na viongozi.

Wavulana hutumikia miezi 24 na wasichana 18. Oktoba 2012 umri wa kuanza ulishushwa hadi miaka 18 kwa wavulana, kutoka 19, na, kwa wakati huo, hadi miaka 19 kwa wasichana, kutoka 21. Hilo hueleza kwa nini wengi wanaofika mlangoni wanaonekana kama waliomaliza shule juzi tu: ndivyo ilivyo hasa. Hawalipwi mshahara, na wao pamoja na familia zao huchangia gharama za utumishi. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2019 waliruhusiwa kuongea na wazazi kwa simu mara chache mno kwa mwaka. Sasa wanaweza kuwapigia kila wiki, katika siku yao ya maandalizi, ambayo ndiyo siku ya kufua, kununua mahitaji, kunyoa na kuandika barua. Mwenyeji mwenye busara hawapangii somo mchana wa siku hiyo.

Maisha ya namna hiyo humpa mwenyeji kitu ambacho huduma nyingi za kulipia hushindwa kukitoa, nacho ni usikivu kamili. Ukizungumza na vijana hawa, hakuna anayechungulia simu chini ya meza wala anayekimbilia miadi ya marafiki jioni. Huuliza swali na kusubiri jibu, hata pale ukimya unapokuwa mrefu kuliko adabu ya kawaida inavyoruhusu, na wiki inayofuata hukumbuka kwamba ulisema mama yako anaumwa. Nakiri kwamba nilivutiwa zaidi na upande huu kuliko mafunzo, na ningemshauri yeyote anayewapokea kwa mara ya kwanza awaulize siku yao imekwendaje kabla hajawauliza habari za mbinguni. Majibu yao ni elimu tosha kuhusu binadamu. Kuna anayevuka barabara awaonapo kwa mbali, na kuna anayewaalika ndani kwa shangwe kisha akatoa orodha ya mistari ya Biblia aliyoiandaa ili kuwashinda. Kuna anayeuliza kila mmoja wao ana wake wangapi, ilhali kanisa lao lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi tangu mwaka 1890. Kuna mzee anayeishi peke yake, ambaye hana haja na dini yoyote bali anataka mtu wa kumsimulia ujana wake, nao hukaa wakamsikiliza. Husimulia haya kwa kicheko, na ndipo mtu anapoona kwamba kijana wa miaka 19 anayekataliwa mchana kutwa na bado akabisha mlango unaofuata kwa tabasamu ana stadi ambayo watu wazima wengi hawajaipata.

Masomo yenyewe ni mafupi, na huo ni uamuzi mzuri. Kwa kawaida hayazidi dakika 45, hufunguliwa na kufungwa kwa sala, na husemwa kwa lugha nyepesi. La kwanza humhusu Joseph Smith, kijana wa jimbo la New York ambaye, kwa imani yao, alimwona Mungu Baba na Yesu Kristo mwaka 1820, na ambaye miaka 10 baadaye alichapisha Kitabu cha Mormoni, wanachokiamini kuwa andiko takatifu pamoja na Biblia, na kuanzisha kanisa. La pili hueleza mpango wa wokovu, yaani maisha kabla ya kuzaliwa, maisha haya na yale baada ya kifo. Yanayofuata hugusa imani, toba, ubatizo, kisha amri: zaka, siku ya Sabato, usafi wa kimwili, yaani kujiepusha na ngono nje ya ndoa, na Neno la Hekima linalokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Mwenyeji hupewa nakala ya Kitabu cha Mormoni bila malipo, na toleo kamili la Kiswahili lipo tangu mwaka 2000. Hupewa pia sura za kusoma, na ziara ijayo huulizwa kama alizisoma. Asiyependa kukaguliwa kama mwanafunzi atajisikia vibaya kidogo hapa.

Jambo linalohitaji tahadhari zaidi ni mwaliko wa kubatizwa, ambao huja mapema kuliko wageni wengi wanavyotarajia, mara nyingine ukiwa na tarehe inayopendekezwa. Siwezi kuuita udanganyifu, kwa kuwa kumwalika mtu kwa Kristo kupitia ubatizo ndilo lengo la utumishi wao, na ukiwauliza watakuambia hivyo bila kuficha. Hata hivyo mazungumzo huanza kwa urafiki wa kawaida kiasi kwamba mwenyeji anaweza kusahau lengo hilo, kisha akashtuka linapotamkwa. Anayetaka kujifunza tu na aseme hivyo siku ya kwanza. Tangu niliposema hivyo, mialiko iliendelea kutolewa kwa upole, nami nikaendelea kuikataa kwa upole, na hakuna aliyekasirika.

Kwa maswali mazito ya historia, huduma hii ni dhaifu. Hadi Juni 1978 kanisa lao halikuwa likiwapa ukuhani wanaume weusi wenye asili ya Afrika, na msomaji yeyote wa ngozi yangu ana haki ya kutaka maelezo marefu kuhusu miaka iliyotangulia tarehe hiyo. Vijana wa umri huu, ambao wazazi wao huenda walikuwa watoto wakati huo au hawajazaliwa, hawakutayarishwa kwa mjadala wa namna hiyo. Mara nyingi swali huishia katika ushuhuda wa moyoni, ambao kwao ni jibu na kwa muulizaji si jibu. Ni bora kusoma maelezo ambayo kanisa lenyewe limeyaweka kwenye tovuti yake tangu mwaka 2013, ambayo hayakwepi kama vijana wanavyolazimika kukwepa, kisha kurudi kwao na maswali yaliyobaki.

Kasoro nyingine ni uhamisho. Kwa desturi, kila baada ya wiki 6 hivi kiongozi wa misheni hupanga upya nani atakaa wapi na nani, na mmoja wa wawili uliowazoea anaweza kuondoka baada ya taarifa ya siku chache tu. Kumbukumbu za masomo huwekwa katika programu ya simu, hivyo anayekuja hujua umefundishwa nini. Kuaminiana, hata hivyo, huanza mwanzo. Mwenyeji anayejali faragha yake aulize mapema ni mambo gani yanaandikwa humo.

Zipo kanuni ambazo mwenyeji hupaswa kuzijua ili asizichukulie kama dharau. Wavulana hawaingii nyumbani kwa mwanamke aliye peke yake, wala wasichana kwa mwanamume aliye peke yake, pasipo mtu mzima mwingine. Wataomba mkutane nje au kanisani. Wakikataa kikombe cha chai, maji yanatosha.

Upande ninaoupendekeza bila masharti ni msaada wa mikono. Ukihama nyumba, ukiwa na bustani iliyokushinda au ukuta unaohitaji rangi, waambie. Watakuja na nguo za kazi, watatoa jasho, na hawatageuza kazi hiyo kuwa mahubiri. Mahali pengi hufundisha pia Kiingereza bure, na darasa hilo liko wazi kwa mtu wa imani yoyote.

Kusitisha ziara ni rahisi kwa anayesema waziwazi, na ni kugumu kwa anayejificha. Simu isiyopokelewa huwafanya wadhani umebanwa na shughuli, nao watapita tena wiki ijayo, na pengine ijayo nyingine. Waambie kwamba umetosheka, washukuru, na uwaombe waandike hivyo katika kumbukumbu zao, ili wawili watakaohamishiwa mtaani baada yao wasianze upya kukutafuta.