Elfu kumi na nane za kufundishwa kusahau mkwaju

Mpira ulikuwa futi tatu kutoka shimoni. Shimo la 17, mashindano ya gofu ya klabu, kazi ni kuusukuma tu uingie. Mikono ikakakamaa kama ya mtu anayetia sahihi mkopo. Mpira ukapita pembeni, ukateremka mbali kuliko ulikotoka, nikamaliza shimo kwa mikwaju saba na kuondoka bila hata kunywa chai na wenzangu. Hendikapu yangu, yaani mikwaju ya nyongeza ninayoruhusiwa (ikipungua ndiyo fundi zaidi), ilikuwa 19, kwa hivyo kupiga najua kiasi. Mazoezini huwa sawa kabisa. Nipe kadi ya kuandika matokeo uone.

Ndiyo nikamtafuta mkufunzi wa akili, hapa hapa Nairobi. Vikao vinne vya saa moja: viwili kwa simu ya video, kimoja ofisini kwake Westlands, kimoja uwanjani kwa mashimo tisa. Sh18,000, zote kabla ya kuanza, kwa M-Pesa.

Vya video sikuvipenda. Cha kwanza alichelewa dakika ishirini na tano, na saa ilipotimia akaaga. Akanitumia rekodi ya kusikiliza usiku, mawimbi ya bahari na mama fulani akinong'ona Kiingereza. Nililala, sikatai, lakini hata kabla ya kulipa nilikuwa nalala.

Cha pili akanionyesha Mfaransa Jean van de Velde kwenye uwanja wa Carnoustie, Scotland, mwaka 1999. Shimo la mwisho, mikwaju sita inamtosha kutwaa British Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani. Mpira unaingia kijitoni, anavua viatu, anakunja suruali, anashuka majini kuutazama. Akapiga saba, na kwenye mashimo ya ziada kombe likaenda kwa Paul Lawrie. Somo nililielewa. Lakini mtu anayeogopa maji ukimwonyesha mwenzake ndani ya maji, Jumamosi ataona nini? Mimi nilitumbukiza mipira miwili.

Cha ofisini kilikuwa fomu na chai.

Cha uwanjani ndicho nilicholipia, basi. Alitoa punje za mahindi makavu, akazimimina kwenye mfuko wangu wa kushoto. Kila nikijikuta nawaza pointi, au mkwaju uliopita, au wenzangu watasemaje, nihamishe punje moja kwenda mfuko wa kulia. Nimepiga vizuri au vibaya, hilo halikumhusu. Kedi wangu, mbeba fimbo zangu, akacheka: "Mama, leo tunapanda?" Baada ya mashimo tisa nilizihesabu juu ya boneti ya gari. 31. Sikuwa na la kusema.

Kisha akanipa taratibu mbili. Ya kwanza, simama nyuma ya mpira, chagua jani moja la nyasi mbele yake kidogo, toa pumzi yote, ingia, piga. Wazo lingine likiingia ukiwa tayari umesimama, toka uanze upya. Ya pili ndiyo naipenda: hasira ni halali mpaka glavu ivuliwe. Nachukia, nanung'unika, halafu naivua, kraa, na mkwaju huo umekwisha. Nikiukumbuka tena, punje.

Tangu hapo nimecheza mashindano matatu. Punje 22, 14, kisha 17 kwa mashimo yote 18. Hendikapu imeshuka hadi 18. Za futi tatu bado nakosa, ila sasa nakosa nikiwa nautazama mpira.

Kinachoniuma kidogo ni kedi. Miaka yote hiyo amekuwa akiniambia, "Mama, hiyo imeenda, tupige hii," na mimi namjibu anipe tu fimbo. Sasa bahashishi yake nimeiongeza.

Ukimpigia mkufunzi huyu, omba kikao cha uwanjani peke yake. Atakwambia hakiuzwi hivyo. Komaa; rafiki yangu alikomaa akapewa kwa elfu sita. Na mahindi ubebe yako, kwa sababu yangu aliyadai yote tulipomaliza, hata ile punje iliyokuwa imejificha kwenye mshono.