Miaka miwili na Ocicat: sura ya mwituni, damu ya nyumbani

Siku nilipomwonyesha mama paka wangu kwa simu ya video, yeye akiwa Tanga nami huku Michigan, Marekani, alinyamaza kidogo kisha akasema, “Mwanangu, huyo si kanu huyo?” Kwetu kanu akipita karibu na banda usiku, asubuhi kuku wanahesabiwa upya, kwa hiyo nilimwelewa. Mwili mrefu, mkia wa pingili, macho kama yaliyopakwa wanja, na ubavuni madoa ya kahawia iliyoiva, kana kwamba mtu amechovya kidole gumba kwenye wino akawa anagonga. Jina likamganda hapo hapo. Anaitwa Kanu.

Na hana tone la damu ya mwitu. Ndiyo sababu nilimchagua Ocicat, mbegu ya paka wa nyumbani mwenye madoa, nikaacha mbegu nyingine zinazofanana naye. Bengal ametokana na paka-chui wa Asia, Savannah ametokana na mondo, na kuna majimbo, Hawaii likiwa mojawapo, yasiyoruhusu kuwafuga. Mimi nimepanga nyumba, na kazi ikipatikana jimbo jingine nitahama. Sikutaka kufika mahali nikaambiwa paka wangu haruhusiwi.

Mbegu hii ilianzia hapa hapa Michigan, Berkley, pembeni ya Detroit, mwaka 1964. Mfugaji Virginia Daly alikuwa akichanganya mbegu mbili za paka wa nyumbani, Abyssinian na Siamese, shabaha yake ikiwa kupata Siamese mwenye miguu na uso wa rangi ya Abyssinian. Katika uzao mmoja akatokea dume mweupe wa maziwa mwenye madoa ya dhahabu. Binti wa Virginia ndiye aliyetoa jina la Ocicat, kwa kumfananisha na oseloti, paka-mwitu wa Amerika. Dume huyo, Tonga, alihasiwa akauzwa kwa dola 10. Bahati nzuri wazazi walikuwepo wakazalishwa tena, na baadaye wakaongezwa American Shorthair, mbegu nyingine ya nyumbani, kwenye ukoo ili mwili ujae. Nikimshika Kanu naliona hilo: ukimtazama ni mwembamba, ukimbeba ni kilo 6 za msuli mtupu.

Manyoya yake nayaeleza kwa sababu picha hazitendi haki. Kila unywele, isipokuwa wa ncha ya mkia, una pete za rangi. Penye doa ncha ya unywele ni ya giza, pasipo doa ncha ni nyepesi. Akitembea juani madoa yanacheza. Kumchana mara moja kwa wiki kunatosha.

Sasa kwenye afya, hapa naomba mnisikilize. Mfugaji wa kwanza niliyemwendea alikuwa na watoto wazuri ajabu, lakini nilipouliza vipimo vya vinasaba vya wazazi akanijibu kwamba ukoo wake hauna shida. Karatasi hakunionyesha. Niliondoka, na niliumia kuondoka. Ocicat wanaweza kurithi ugonjwa unaoua polepole sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mtoto anazaliwa anaona vizuri, dalili zinaanza akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili hivi, kisha anapofuka. Mwenye nakala moja ya kinasaba cha ugonjwa huo haumwi, ila wakikutanishwa wawili wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Upo pia upungufu wa damu wa kurithi, ambapo chembe nyekundu zinavunjika kabla ya wakati wake. Yote mawili yanapimwa kwa pamba ya kusugua ndani ya shavu. Mfugaji wa pili alinionyesha majibu ya baba na mama kabla sijamuuliza. Nilisubiri miezi saba na kulipa dola 1,400, na sijutii hata senti.

Kilichonishinda ni upweke wake. Nafanya kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku yenye urefu wa saa kumi na mbili. Ocicat ana usemaji wa Siamese, japo si mwingi kama wake, na kubaki peke yake hawezi. Mwezi wa kwanza jirani alinigongea mlango: paka analia tangu nimetoka hadi alfajiri. Nilikuwa nikimkuta nyuma ya mlango, sauti imekauka, chakula hakijaguswa. Nilimwacha mtoto wa miezi minne gizani peke yake usiku baada ya usiku, na lile kosa bado linanikaa moyoni. Nikachukua paka wa pili, jike wa kawaida wa miaka mitatu, kutoka makazi ya wanyama. Siku tisa za kufokeana, ya kumi wakalala mgongo kwa mgongo.

Tangu hapo sina la kulalamika. Nikirusha mpira anaurudisha mpaka mkono uchoke. Makabati anafungua, hivyo nimeweka vifungo vya watoto. Wageni anawapokea mlangoni, hajifichi uvunguni.

Kama uko kazini mchana kutwa na nyumbani hakuna mtu wala mnyama mwingine, usimchukue huyu. Kama yupo mtu, anza kwa kuomba karatasi za wazazi, na watoto uwaone baada ya kuzisoma. Ukishambeba mmoja mkononi, kuondoka ni kazi.